Mfenesi Uliozaa kwa Kulazimishwa

Advera, na ninyi wenzake wawili mliokuja karakana juzijuzi na mikono bado misafi, Ta Rwiza amesema niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi hapo. Nilimkumbusha kwamba mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikaa dirishani. Akasema, "Andika kama unavyoongea." Basi lawama zote mpelekeeni yeye.

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na mitatu. Watu wengine wakistaafu wanasomewa hotuba. Mimi nilipewa mkono na Ta Rwiza, na mkono wenyewe ulikuwa na vanishi, tukagandana kidogo. Sababu ni jicho la kulia. Lipo mahali pake, ukinikuta njiani hutajua, lakini halifanyi kazi. Kuna watumishi wengi wa namna hiyo na hawafukuzwi. Ila kukereza vasi kunataka macho mawili, na mimi nilichelewa kulikubali hilo.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka Kanazi, kwenye kibanja cha bibi, shamba lake la migomba, nikiwa najua kazi mbili tu: kubeba mkungu wa ndizi na kumchekesha aliyenibebesha. Ta Rwiza alikuwa na karakana yake hapohapo mnapoijua, Bukoba mjini, bati lile lile linalovuja upande ule ule. Wakati ule hata sikujua kukereza ni nini. Nilidhani vasi zinachongwa kwa panga halafu zinasuguliwa mpaka mtu achoke. Nikakuta gogo linazunguka lenyewe kwenye mashine, mzee amesimama ametulia, ameliegemezea patasi, na maganda yanaruka kama ndizi inajimenya. Nikasema, "Waitu, hii si kazi, huu ni uvivu wenye umeme."

Hakucheka. Ta Rwiza huwa hacheki, anasubiri umalize.

Siku hiyohiyo alinipa kazi ya mwisho kabisa ya vasi, ile ya kung'arisha. Mnachukua konzi ya maranda ya mti uleule, mnayakandamiza kwenye vasi inayozunguka, nayo inang'aa kabla haijaona tone la vanishi. Alisema mti unapakwa kwanza takataka zake wenyewe. Mimi nikayashika maranda kwa juu badala ya kuyashika kwa chini. Yalichomoka yote kwa mpigo yakamvaa kichwani mama mmoja mteja aliyetoka kusuka nywele. Yule mama alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani, na watu wa visiwani hawatukani kwa kunong'ona. Nilijifunza maneno mapya matano na namna ya kushika maranda. Kwa chini, jamani. Kwa chini.

Mashine mnaijua. Mota yake ilitoka kwenye mashine ya kukobolea kahawa iliyokufa. Patasi tulizifua kutoka kwenye springi za lori, isipokuwa moja tuliyoifua kutoka kwenye tupa ya zamani. Hiyo ya tupa ilikata kama wembe, lakini chuma cha tupa ni kigumu na hakipindi. Kikigonga kitu kinavunjika. Ta Rwiza aliiruhusu kwa kumalizia tu, unapopitisha ncha kwa upole shingoni mwa vasi. Kwa kuanzia gogo, alisema, tumia springi, hata kama inakuchelewesha. Nimeandika hili mapema ili mjue kwamba niliambiwa.

Sehemu ngumu ni kutoboa tumbo. Nje ya vasi hata mlevi anaweza kuipata, kwa kuwa anaiona. Ndani unaingiza ile patasi ndefu ya ndoano kupitia mdomo usiotosha ngumi, na unakata mahali usipopaona. Unatazama mpini, unatazama umbo la nje, unapima kwa akili ncha imefika wapi. Ta Rwiza alitaka ukuta uwe na unene wa sahani ya kulia, kuanzia shingoni mpaka kitakoni. Alikuwa anaichukua vasi yako, anaibeba kwa vidole viwili, anairudisha. Akisema "Nene," unaifunga tena kwenye mashine. Miaka miwili ya kwanza nilisikia neno hilo mpaka nikawa nalijibu kabla hajalisema.

Wateja wetu walikuwa wa kila aina. Walutheri walitaka vasi za rangi ya mti, nyembamba, za kuweka mbele kanisani. Wavuvi wakitoka kisiwani na mfuko umejaa walitaka kubwa, nyekundu, zenye vanishi ya kujitazamia, za kuweka kila upande wa televisheni na maua ya plastiki. Wote tuliwaambia msitie maji humo, ni za mapambo. Wote waliitika. Nusu yao walitia maji.

Sasa mti. Mti tulioupenda ni mfenesi. Ukiupasua ni wa manjano kama umepakwa bizari, halafu ukikaa juani unageuka taratibu mpaka unakuwa kama asali. Unakatika vizuri, haunyofoki. Ubaya wake si wa mti, ni wa sisi watu.

Mnajua kwetu mfenesi usipozaa unafanywaje. Mmoja anaujia na panga, anasema nakukata leo hii, huna faida. Mwingine anaukingia, anasema muache, mwakani atazaa, namdhamini. Ukiendelea kukaidi, unapigwa misumari. Minne, mitano, ile mirefu, ndani kabisa, ili ushtuke. Na kweli wengine wanazaa. Halafu miaka inapita, gome linafunga, hakuna anayekumbuka, mti unazeeka, unaangushwa, unaletwa kwa fundi ukiwa na misumari tumboni.

Ndiyo maana Ta Rwiza alikuwa na swali lake. Kabla hajagusa mfenesi wa mtu, anamuuliza mwenye kibanja, "Huu ulizaa kwa hiari au kwa kulazimishwa?" Na hakuishia kwa mwenye kibanja. Alimuuliza na jirani, na kama kuna bibi mahali anamuuliza bibi. Baada ya hapo anachukua sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, imefungwa kamba, anaipitisha juu ya gogo polepole. Ikivuta, gogo linakuwa kuni. Hata liwe zuri namna gani.

Mimi nilimwita daktari wa wajawazito. Niliwaambia wateja, "Ngojeni, Ta Rwiza anapima kama ni pacha." Walikufa kwa kicheko. Na kwa kuwa karibu mara zote sumaku haikuvuta kitu, niliona mzee anapoteza muda.

Nikiwa nimefikisha miaka kumi na miwili kazini, alikuja Ta Projesti. Mtu mzima, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, mama yake mzazi amefariki. Familia ya Kilutheri, ya Kishanda kule Muleba. Walikuwa wanajiandaa kwa ibada ya kumbukumbu, na alitaka vasi mbili, pacha, zitokane na mfenesi wa mama yake uliosimama nyuma ya nyumba. Ta Rwiza alikuwa na homa wiki hiyo. Akanituma mimi. Akanipa sumaku, akaniambia, "Uliza watu watatu." Nikamjibu, "Nitauliza na ng'ombe."

Kishanda nilikuta mti umeshaangushwa, watu wamekaa juu yake kama benchi la zahanati. Ta Projesti alikuwepo, pamoja na vijana wawili wa kubeba na shangazi yake, Ma Felista, bibi mdogo wa umbo anayetafuna kahawa tangu asubuhi. Nikamuuliza Ta Projesti lile swali. Uso ukambadilika.

"Mti wa mama yangu umezaa tangu mimi sijazaliwa," akasema. "Unamuulizia mama yangu maswali gani wewe?"

"Simuulizi mama, Ta. Nauliza mti."

"Basi mti umeshajibu."

Nilipaswa kumgeukia Ma Felista hapo hapo, kama nilivyoagizwa. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Lakini niliona watu wamenuna, na mimi siwezi kukaa mahali watu wamenuna, ni ugonjwa. Nikaitoa sumaku, nikaishika kama kile kipimo cha daktari, nikainama kwenye gogo nikasema, "Pumua. Pumua tena." Wakaanza kucheka. Nikaipitisha huku namuuliza mgonjwa kama anakunywa dawa zake. Karibu na katikati, sumaku ikavuta. Kidogo tu, kama mtoto anakuvuta shati.

Nikasema, "Jamani, limenipenda!"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka nyuma. Ma Felista alicheka kuliko wote, akajifunika mdomo kwa khanga. Nami nikajiambia imevuta panga la yule kijana aliyesimama upande wa pili. Sikurudia kupima. Kichekesho kikishafika hakirudiwi. Tukapakia gogo.

Vasi ya kwanza ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na nasema hivyo nikijua hakuna wa kunipinga. Ta Rwiza, amepona, aliibeba kwa vidole viwili, akaizungusha, akairudisha mezani. Hakusema "Nene." Akaniuliza tu, "Uliuliza watu watatu?"

"Watatu na nusu," nikasema. "Mmoja alikuwa mfupi."

Gogo la pili, kipande cha mti uleule, lilikuwa na mchirizi mweusi wa kuelekea bluu, kama wino umemwagika kwenye manjano. Nisikilizeni hapa, ndugu zangu, hata kama mengine yote mtayaruka. Ule weusi ni chuma. Msumari ukilala ndani ya mti miaka mingi unatoa rangi, na rangi inatangulia mbele yake kukuonya. Mimi niliuona. Nikamwita Advera huyuhuyu, alikuwa na mwezi mmoja tu kazini, nikamwambia, "Tazama mti ulivyojipaka wanja." Nikaligeuza gogo makusudi ili ule mchirizi ukae mbele, wateja waushangae.

Tena nilikuwa na haraka, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu na ndiyo kwanza ulikuwa umerudi. Patasi ya springi ilikuwa butu. Nikachukua ya tupa. Kofia ngumu ya bodaboda, ile yenye kioo, ambayo Ta Rwiza huivaa akianza gogo, ilikuwa juu ya benchi. Siku zote niliivaa kinyumenyume kuwachekesha watu. Siku hiyo hata kinyumenyume sikuivaa.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mlio, tiii, kama mtu amegonga glasi. Mashine ilikuwa inazunguka, na mimi nimekaa chini sijui nimekaaje. Advera alizima mota. Ta Rwiza alinishika mikono yote miwili kwa nguvu nisijishike uso, na alikuwa anasema kwa Kihaya maneno ambayo mtu anamwambia mtoto mchanga. Ncha ya patasi ilikuwa imevunjika. Kipande kidogo kama punje ya mtama kiliingia jichoni. Kwenye gogo, kichwa cha msumari kilikuwa kinang'aa, kimekwanguliwa kikawa kipya.

Hospitali walifanya walichoweza. Daktari, mwanamama mpole, alinieleza kwamba jicho litabaki lakini halitaona. Nikamwambia basi linifae kwa kukonyeza. Alitoka nje ya wodi, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Nikaona aibu. Hata hapo nilikuwa natafuta mtu acheke.

Ma Felista alikuja kunitazama. Alibeba ndizi na maharage kwenye kapu, akakaa kwenye kitanda, hakunipa pole. Halafu akasema, "Misumari ni yetu."

"Yenu nani, Ma?"

"Mimi na dada zangu. Marehemu alikuwa wifi yetu. Aliolewa akakaa miaka saba hana mtoto. Na mfenesi wake nao ukakaa. Tukachukua misumari ya kaka, tukaupigilia mti mbele yake, yeye amekaa mlangoni anamenya ndizi. Kila msumari tunaimba. Tulijua tunampigilia nani."

"Na ukazaa?"

"Wote wawili walizaa. Mwaka mmoja. Projesti anaijua hadithi hii, mama yake alimsimulia. Angekujibuje mbele ya watu, na mama yake hajamaliza hata mwaka kaburini?"

"Na wewe, Ma? Ulikuwepo. Ulicheka kuliko wote."

Alitazama kapu lake. "Nilicheka kwa kuwa niliogopa utaniuliza."

Mpaka leo nikifikiria hayo najua ninavyopaswa kusema. Kwamba nimewasamehe, kwamba ni mila, kwamba mtoto alikuwa analinda heshima ya mama. Sijawasamehe. Neno moja tu lilitosha, hata la kunong'ona pembeni: ndiyo, ulilazimishwa. Lakini na mimi niliagizwa niulize watu watatu, nikauliza mmoja, nikalichekesha gogo. Kwa hiyo katika watu nisiowasamehe na mimi nimo.

Baada ya miezi minne nilirudi karakana. Mwanzoni nilidhani nimezoea. Nje ya vasi nilikereza vilevile. Tatizo lilianza nilipoingiza ndoano tumboni. Jicho moja linaona umbo, halioni kina. Unatazama mpini, unadhani ncha iko hapa, kumbe iko mbele zaidi. Ya kwanza nilitoboa ubavu. Ya pili nikatoboa kitako, nikamwambia Advera nimetengeneza faneli. Ya tatu nikatoboa tena kitako. Ya nne sikutania. Ta Rwiza alisimama karibu akisikiliza sauti ya patasi, maana ukuta ukiwa mwembamba sauti inapanda, akawa ananiambia, "Bado, bado, basi." Ikasaidia kidogo. Lakini fundi anayehitaji masikio ya mtu mwingine kila anapotengeneza vasi amekuwa mzigo kwa watu wawili. Nikamwomba Ta Rwiza anipe vasi moja ya mwisho, niitengeneze peke yangu, asisikilize. Nikifaulu nabaki, nikishindwa naondoka. Akakubali.

Nilichagua mwenyewe: pacha ya ile vasi ya Kishanda. Ibada ilikuwa imesogezwa, na Ta Projesti hakuwahi kuja kuulizia, nadhani kwa aibu. Kwenye gogo kilikuwa kimebaki kipande cha juu, kisafi. Advera alikipima kwa sumaku mara tatu kimyakimya. Ta Rwiza alikwenda kukaa nje kwenye mbao. Nilikereza siku mbili. Nilikata kidogo, nikasimamisha mashine, nikaingiza kidole, nikakata tena. Kila ndoano ilipokaribia kitako mkono wangu wenyewe ulirudi nyuma. Sikuuambia urudi.

Haikutoboka. Niliipaka nta, nikaiweka mezani pembeni ya mwenzake. Ukizitazama ni pacha kweli, hata mama yao angezichanganya. Nikazibeba, moja kila mkono. Ile ya zamani ilikuwa kama ndege. Hii mpya ilikuwa kama mchi wa kinu. Niliogopa kitako nikakiacha unene wa vidole vitatu. Ta Rwiza aliingia akaibeba, si kwa vidole viwili, kwa kiganja kizima. Akairudisha. Hakusema lile neno. Advera akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Kabla hatujasema kitu Ta Projesti akaingia, tulikuwa tumemtumia salamu aje achukue. Hakunitazama usoni. Alinisalimia akitazama kola ya shati langu, akasema pole, akasema tena pole, halafu akashukuru kuona vasi. Akazibeba. Akapima moja, akapima nyingine, kama anavyopima nondo dukani kwake.

"Hii ndiyo nzuri," akasema, ameinua ile nzito. "Hii ina uzito. Ile nyingine nyepesi mno, nilidhani imeliwa na mchwa."

Ile nyepesi ndiyo niliyoitengeneza nina macho mawili.

"Nitengenezee nyingine nne kama hii," akaendelea, na sasa ndiyo akanitazama, uso umefunguka, amefurahi amepata kitu cha kunifanyia. "Za ndugu zangu wote. Nne. Wewe mwenyewe, asifanye mtu mwingine."

Nataka mjue kwamba ningeweza. Bukoba nzima hakuna anayeingiza kidole ndani ya vasi. Inakaa kwenye stuli na maua ya plastiki mpaka mwenye nyumba anakufa. Ningekereza michi ya kinu yenye shingo miaka thelathini mingine, na watu wangeisifia uzito. Nilimtazama Ta Rwiza. Alikuwa ameshika mkanda wa mota anauangalia kama haujui. Kama angesema kataa, ningebishana naye, na yeye ananijua. Akaniachia mimi.

"Ta Projesti," nikasema, "aliyetengeneza hiyo amestaafu."

"Amestaafu? Lini?"

"Sasa hivi."

Akaangua kicheko, akanipiga begani. "Wewe! Hata baada ya yote hutaacha utani!" Akazifunga vasi zake kwenye kitenge, akatoka, na tulimsikia anacheka mpaka kwenye gari. Nikavua aproni nikampa Advera. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimemwambia mteja neno bila kutaka acheke.